Tiketi moja mpaka mwisho wa safari

Watu wengi wanazani safari ya ndege inaharibikia juu, mu hewa. Hapana. Mara nyingi inaharibikia chini, mu nyumba ya abiria, wakati mutu anatoka mu ndege moja na kutafuta ingine. Sisi wa sendika tunapashwa kusema ile jambo wazi, sababu wagonjwa wetu wa mine njo wanaumia wa kwanza.

Tuangalie njia yenye tunaijua. Mutu anatoka Luano, anafika Addis-Abeba, pale anabadilisha ndege ya kwenda Inde kwa matunzo. Kiwanja cha Bole kilipanuliwa: mu mwezi wa kwanza 2019 walifungua Terminal 2 yenye kukuzwa, na inaweza kupokea abiria milioni 22 kwa mwaka. Ni kazi nzuri. Mwenye kubadilisha ndege anabaki mu nyumba ile ile. Lakini hesabu hatua zake. Mara nyingi ndege inasimama mbali, basi inakuja kubeba watu. Kisha mulongo wa kontrole, mukaba inje. Kisha ngazi na njia ndefu mpaka mulango wa kupandia. Na ndege nyingi zinafika karibu saa moja, juu kampuni ilizipanga vile kusudi watu wabadilishe. Kwa kijana mwenye kifuko kimoja, dakika 60 zinaweza kutosha. Kwa mutu mwenye mapafu yenye kujaa vumbi ya mine, hazitoshi hata kidogo.

Mwenzetu mumoja aliiona ile shida. Mwajiri wake alimununulia tiketi mbili mbali mbali, sababu bei ilikuwa chini. Ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili ikaenda bila yeye. Alilala juu ya viti, na tiketi ingine ikapashwa kununuliwa. Feza yenye waliokoa ikatoka mara mbili.

Kila jamaa inapashwa kujua hii: kama tiketi ni moja mpaka mwisho, na ndege ya kwanza imechelewa, kampuni ya ndege njo inapashwa kukutafutia fasi ingine. Kama tiketi ni mbili, ile ya pili inapotea mu mikono yako. Mizigo pia, mara nyingi unaenda kuichukua wewe mwenyewe, pengine kwa viza yenye hauna.

Nyumba yenyewe inaweza kusaidia ao kuumiza. Kule Brussels, zamani, kwa kufika kwenye milango ya upande A, abiria walishuka mu tunele chini ya kiwanja, kisha wakapanda tena. Mu 2015 walifungua njia ya juu ya udongo, na ile tunele ikaachwa. Siye watu wa mine tunaelewa upesi: hakuna anayechimba galeri bila kuuliza kwanza watu watatokea wapi. Aerogare pia ipashwe kuchorwa vile. Kwanza njia ya muzaifu, maduka nyuma.

Kwa hiyo, wandugu delege, wakati wa kuzungumuza na wakubwa juu ya matunzo ya inje, muandikishe mambo tatu: tiketi moja mpaka mwisho, masaa tatu kati ya ndege na ndege kwa mugonjwa, na kiti cha magurudumu kiombwe mbele, kwa maandiko, siku mbili mbele ya safari ao zaidi. Ninyi mama na watoto mu nyumba, muombe kuona ile tiketi mbele baba hajaenda.

Na kwa serikali: kila mara tunapopanda ndege tunalipa Go-Pass. Walituambia ile feza ni ya kutengeneza viwanja. Basi siku ya kuchora aerogare mupya, Luano ao Kolwezi, watuonyeshe mu ile plani: mugonjwa mwenye kushuka ndege ya Kinshasa na kupanda ya Addis atapita wapi, na atatembea metre ngapi? Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza.