Guangzhou na foleni ya meli baharini

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaonunua bidhaa katika mitaa ya Xiaobei, mjini Guangzhou, huhesabu siku mbili: ile kasha linapofungwa, na ile linapopokewa Mombasa au Dar es Salaam. Wasichokiona ni ratiba ya gati.

Bandari ya Guangzhou hupitisha makasha zaidi ya milioni 24 kwa mwaka, kwa kipimo cha futi 20. Huko Nansha, kwenye mlango wa Mto Pearl, meli kubwa hutengewa muda maalumu gatini, nayo matishali kutoka miji ya mto huo hupangwa kuufuata. Meli ikichelewa, kreni na malori pia husubiri.

Udhaifu wa mpango huo ulidhihirika mwaka 2021. Maambukizi ya virusi vya corona yalipozuka mkoani Guangdong, shughuli katika bandari jirani ya Yantian zilipunguzwa kwa takriban mwezi mmoja. Meli zikageukia Nansha, na foleni ikawafuata huko.

Lakini kwa nini meli ikimbie ili ikasubiri? Mikataba mingi ya kukodi meli humtaka nahodha asichelewe njiani, na mara nyingi anayetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa. Mwaka 2020, mwongozo uliochapishwa chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, ulihimiza bandari ziiarifu meli mapema lini gati litakuwa wazi, ili ipunguze mwendo na kuokoa mafuta. Meli za makasha zina ratiba zao, ila zikikosa nafasi katika bandari moja, aghalabu huikosa na katika inayofuata.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoguswa. Mwishoni mwa 2023 meli zilisubiri siku nyingi nje ya Dar es Salaam. Oktoba mwaka huo Tanzania ilikuwa imetia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya DP World. Mombasa nayo ilifikisha makasha milioni mbili mwaka 2024. Kasha lililopakiwa kwa wakati Nansha halimfai mwenye duka wa Kariakoo ikiwa litaelea wiki nzima mbele ya macho yake, huku riba ya benki ikipanda.

Na iwapo mafuta yataokolewa, hilo halina maana kwamba nauli ya kasha itashuka. Bandari inaposongamana, kampuni za meli huongeza ada, na mlipaji ni mwenye mzigo.