UCHAMBUZI: Kanuni za tarakilishi vyuoni ziandamane na huduma

MWANAFUNZI anapoingia katika maabara ya tarakilishi chuoni, aghalabu jambo la kwanza kumlaki ni karatasi iliyobandikwa mlangoni. Usile humu. Usiingize diski yako. Usitazame filamu. Usiweke programu yoyote.

Ni nadra kuona karatasi ya pili kando ya ile ya kwanza, inayomweleza amwendee nani mashine inapozimika katikati ya kazi yake, na atarajie kungoja kwa muda gani kabla ya kuhudumiwa.

Pengo baina ya karatasi hizo mbili ndilo chanzo cha manung'uniko mengi vyuoni. Wasimamizi hulalama kuwa wanafunzi ni waharibifu. Wanafunzi nao hudai kuwa wanachungwa kama wezi katika nyumba wanayoilipia kodi. Pande zote mbili zina hoja, na ndiyo maana suala hili linahitaji kutazamwa kwa utulivu.

Kanuni nyingi tulizo nazo zilizaliwa wakati wa uhaba. Mtandao wa elimu wa KENET ulipoanzishwa mwaka 1999 ili kuviunganisha vyuo, mawasiliano yalipitia setilaiti kwa gharama kubwa. Tarakilishi zilikuwa chache, foleni zilikuwa ndefu, na ilikuwa busara kumpimia kila mtu dakika zake.

Hali ilianza kubadilika mwaka 2009, nyaya za TEAMS na SEACOM zilipowasili Mombasa kupitia baharini. Mwaka uliofuata serikali ilianzisha mpango wa Wezesha, uliolenga kumpunguzia mwanafunzi wa chuo kikuu bei ya kipakatalishi. Baadaye simu za kisasa zikaenea, na wako waliodhani kuwa maabara ya chuo ingekuwa jengo la makumbusho.

Dhana hiyo haikutimia. Simu hufaa kusoma ujumbe, bali haifai kuandikia tasnifu ya kurasa 100 wala kuchanganua takwimu za utafiti. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19 na masomo kuhamia mtandaoni, ilidhihirika wazi nani alikuwa na mashine nyumbani na nani alikuwa akitegemea ile ya chuo.

Leo mwanafunzi huomba nafasi ya masomo kupitia mtandao wa KUCCPS na mkopo kupitia mtandao wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB). Akishaingia chuoni, mara nyingi hujisajili, hulipa karo na huwasilisha kazi zake kwa njia iyo hiyo. Kwa mtoto wa mkulima mdogo ambaye hana kipakatalishi, kunyimwa tarakilishi ya chuo ni sawa na kunyimwa masomo yenyewe.

Hata hivyo, mgala muue na haki umpe. Chuo kina sababu za kutunga kanuni kali. Mashine hizo ni mali ya umma, na uzembe wa mtu mmoja waweza kuwaumiza maelfu.

Mnamo Mei 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika zaidi ya mataifa 150, vikifunga faili za watu na kudai fidia. Vilipenya kwa urahisi katika tarakilishi ambazo hazikuwa zimewekewa kinga iliyotolewa miezi miwili awali. Katika chuo ambako mashine zote zimeunganishwa, diski moja iliyoambukizwa inatosha kuzua balaa.

Isitoshe, mifumo hiyo ndiyo hifadhi ya alama za mitihani na kumbukumbu za karo. Mwanafunzi anayempa mwenzake nywila, au anayeondoka bila kujitoa kwenye mashine, huacha mlango wazi. Jina lake ndilo litakalosomwa uhalifu utakapochunguzwa.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 haina mzaha katika jambo hili. Anayeingia katika mfumo bila idhini aweza kutozwa faini isiyozidi Sh5 milioni, kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka mitatu, au yote mawili. Ni wanafunzi wangapi wamewahi kuelezwa hivyo siku ya kukaribishwa chuoni?

Lakini sheria ni msumeno. Chuo kinachomdai mwanafunzi uaminifu nacho kimefungwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, pamoja na Kifungu cha 31 cha Katiba kinacholinda faragha ya mtu.

Kanuni nyingi hutangaza kuwa chuo kinaweza kufuatilia matumizi ya mashine zake. Hilo si kosa ikiwa mwanafunzi ataarifiwa mapema ni mambo gani yanayorekodiwa, yanahifadhiwa kwa muda gani, na nani anayeruhusiwa kuyaona. Data ikivuja na kuwatia wenyewe katika hatari, sheria inakitaka chuo kumjulisha Kamishna wa Data katika saa 72. Kimya si njia ya kulinda sifa.

Suala la adhabu nalo linahitaji kuangaliwa upya. Zamani, kumfungia mwanafunzi akaunti kwa majuma mawili kulikuwa karipio dogo. Siku hizi, majuma hayo yakiangukia muhula wa mitihani, adhabu hiyo yaweza kumgharimu mwaka mzima.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu ulio wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomdhuru. Kwa hiyo haifai fundi wa maabara awe mpelelezi, hakimu na mtekelezaji wa hukumu kwa wakati mmoja. Makosa madogo yapewe onyo, makubwa yafikishwe mbele ya kamati, na mshtakiwa asikizwe.

Tukija kwa upande wa huduma, ndipo udhaifu wa vyuo unapojitokeza zaidi. Kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kuikarabati Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Tarakilishi nyingi kuukuu haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu hazitimizi masharti yake ya kiusalama.

Chuo chenye mashine kama hizo kina njia tatu. Kinaweza kulipia kinga ya ziada kwa muda, kuhamia mfumo huria kama Linux usiohitaji kulipiwa leseni, au kununua mashine mpya. Kile kisichoweza kujitetea ni kuziacha zilivyo, kisha kumwadhibu mwanafunzi kwa kuleta virusi katika mashine ambayo chuo chenyewe kimeiacha bila ngao.

Kuna pia kanuni ambazo huumiza watu ambao hazikukusudiwa kuwaumiza. Chukua mfano wa marufuku ya kuweka programu. Mwanafunzi asiyeona huhitaji programu ya kumsomea kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini. Iko moja iitwayo NVDA ambayo hutolewa bila malipo yoyote.

Ikiwa mashine za maabara hazina programu hiyo, na kanuni inamkataza kuiweka, basi kwake maabara nzima ni chumba chenye giza. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo vinavyotokana na hali yake. Haki hiyo haipaswi kutegemea huruma ya msimamizi wa zamu.

Wakuu wa vyuo watajibu kuwa hakuna pesa. Ni kweli kwamba vyuo vingi vya umma vimelemewa na madeni. Lakini mengi ya yanayohitajika hapa hayadai mabilioni.

Kuandika kanuni katika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza chepesi, hakugharimu chochote. Vivyo hivyo kubandika nambari ya simu ya anayepaswa kuitwa mashine inapoharibika, na kuweka daftari la kuonyesha lini hitilafu iliripotiwa na lini ilirekebishwa. Mwisho wa muhula daftari hilo litaeleza kwa uaminifu ni mashine zipi zinafaa kukarabatiwa na zipi zimefikia kikomo.

Wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne wanaosomea sayansi ya tarakilishi wanaweza kuwekwa zamu ya kuwasaidia wenzao jioni, chini ya uangalizi wa mafundi. Wao watapata tajriba, na maabara itabaki wazi kwa saa nyingi zaidi majuma ya mitihani yanapowadia, wakati foleni huwa ndefu kuliko siku zote.

Wanafunzi nao wana deni lao. Anayechomoa kipanya na kukitia mfukoni hamwibii mkuu wa chuo, bali humwibia mwenzake atakayeketi pale kesho. Anayejaza mashine filamu humpunguzia nafasi anayehitaji kuhifadhi utafiti wake. Viongozi wa vyama vya wanafunzi, wanaojua kupaza sauti dhidi ya karo, wangefaa pia kukemea tabia hizi bila kuogopa kupoteza kura.

Kanuni nzuri ni ile ambayo pande mbili zinaitambua kuwa ni mapatano. Chuo kiseme kitakachokataza, kisha katika ukurasa uo huo kiseme kitakachotoa. Mkulima aliyepewa jembe lisilo na mpini hawezi kulaumiwa kwa shamba lisilolimwa.