Gofu Haina Shida, Shida ni Geti

Kuna swali moja Wakenya wanaohamia Uingereza huniuliza kila mara: "Nitacheza gofu wapi huku na sina klabu?" Wasee, hilo swali tu linaonyesha vile tumezoeshwa. Mtu ametoka nyumbani akiamini lazima kuwe na geti, soja wa geti, fomu, na wanachama wa kukupigia debe, ndio upige kampira kaingie kwenye shimo.

Mimi naishi Edinburgh. Hapa mjini kuna bustani inaitwa Bruntsfield Links. Wakati wa kiangazi ina mashimo mafupi 36, na kucheza ni bure. Si ofa, ni bure. Unakuja na fimbo mbili na mpira, unangoja mama na mtoto wake wapite, unapiga. Ukitaka mashimo marefu 18, unapanda Braid Hills, uwanja wa umma ambao umechezewa gofu tangu 1889. Unalipia raundi yako, unacheza, unaenda zako. Hakuna anayekuuliza baba yako ni nani.

Hata St Andrews, ile Old Course mnayoona kwenye TV, iko kwenye ardhi ya umma. Haki ya watu wa mji kucheza pale iliandikwa 1552. Jumapili kwa kawaida gofu inasimama, watu wanatembeza mbwa mle mle. Ndiyo, raundi moja pale msimu wa joto inapita pauni 300, siwadanganyi. Lakini hapo hapo karibu kuna Balgove, mashimo 9, ya watoto na wanaoanza. Huulizwi handikapu.

Na msiniambie ati nawaona Waskoti malaika. Muirfield, klabu ya watu wazito, ilipiga kura kukubali wanawake wawe wanachama 2017. Juzi tu! Tofauti ni kwamba mwanamke aliyefungiwa mlango Muirfield alikuwa na viwanja vingine vya kwenda. Klabu ya kibinafsi haina neno. Shida inaanza pale klabu inapokuwa karibu ndio mlango pekee.

Sasa turudi nyumbani. Royal Nairobi ilianzishwa 1906, enzi za mkoloni. Ng'ambo ya ua ni Kibera. Kijana wa pale akiingia, mara nyingi ni kubeba mfuko wa fimbo za mtu mwingine. Kuna pahali pa kulipa na kucheza, kama Golf Park pale Ngong Racecourse, na heko kwao. Lakini ni pachache mno. Halafu tunaambiwa madili makubwa hupangwa kwenye gofu. Sawa, kwa hivyo asiyepita geti anakosa mchezo na anakosa dili pia.

Najua kuna mtu atasema, "Watu hawana maji, wewe unatuletea gofu?" Kwani uwanja wa mpira ukijengwa mtaani huuliza hivyo? Siombi mashimo 18 na mkahawa wa kifahari. Naomba kona ya bustani ya kaunti, nyasi zikatwe, mashimo mafupi 9 yachimbwe, watoto wapewe fimbo za kuazima baada ya shule. Bruntsfield ni nyasi za bustani tu, watu wanakaa hapo hapo kula chakula chao.

Kwa hivyo wewe uliyehamia juzi: usianze na klabu. Tafuta kwanza viwanja vya baraza la mji ulipo, uliza wanatoza ngapi, nenda ucheze. Na nyinyi magavana mnaopenda kupigwa picha mkishika fimbo kwenye mashindano ya hisani: fungueni uwanja mmoja wa umma. Mmoja tu. Mkenya asihitaji viza ndio aguse mpira wa gofu.