Msizibe Mapengo Hayo!

Naanza na msimamo wangu ili tusipotezeane muda. Mtu anayetaka zile dakika za picha za mnato ziondolewe kwenye A Star Is Born, au zizibwe kwa ujanja wa kompyuta, anatetea kosa lile lile lililoiharibu filamu hiyo mwaka 1954. Mimi simo.

Wengi wenu mnaijua ile ya 2018, ya Lady Gaga na Bradley Cooper. Wengine mnaikumbuka ya Barbra Streisand ya 1976. Nyuma yao iko ya 1937, ambayo ndiyo mama yao wote. Ninayoizungumzia hapa ni ya 1954, filamu ya muziki ya Judy Garland na James Mason, mwongozaji George Cukor. Hadithi mnaifahamu: mwigizaji mwenye jina kubwa, aliyezama kwenye pombe, anakutana na binti mwimbaji asiyejulikana. Anamshika mkono hadi binti anakuwa nyota, huku yeye mwenyewe akizimika.

Filamu hiyo ilizinduliwa Hollywood Septemba 29, 1954, ikiwa na dakika 181. Wahakiki waliisifu. Lakini wenye majumba ya sinema wakapiga hesabu zao: filamu ya saa tatu inaonyeshwa mara chache kwa siku, na mara chache maana yake tiketi chache. Wakalalamika. Warner Bros. wakasikia kilio hicho, wakashika mkasi. Zikatoka dakika 27, zikabaki 154. Mwongozaji hakuhusishwa.

Sasa tazameni walichokitupa. Nyimbo mbili za Garland zilikwenda na maji. Ikaenda pia sehemu ambayo Norman, yule mlevi, anamwahidi Esther kumfikisha mbali, kisha anachukuliwa kwenda kupiga picha za filamu nje ya mji. Binti ameshaacha bendi yake kwa kumwamini mtu aliyemfahamu usiku mmoja. Anasubiri, simu haiji. Pesa inakwisha, anakwenda kuhudumia wateja kwenye mgahawa wa kando ya barabara. Norman akirudi hajui anakaa wapi, inabidi aanze kumsaka.

Ukiiondoa sehemu hiyo, Esther anakuwa msichana mwenye bahati tu. Ukiirudisha, ni mwanamke aliyelipa gharama ya kumwamini mlevi, na ambaye baadaye ataolewa naye akijua vizuri anaingia wapi. Hizo ni hadithi mbili tofauti jamani! Mkasi haukuifupisha filamu, uliibadilisha.

Na kulikuwa na mtu pale ndani. Garland alikuwa ameachana na studio ya MGM mwaka 1950, na hii ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza tangu hapo. Ilipata nafasi sita za kuwania Oscar, ikatoka mikono mitupu. Usiku wa tuzo, Machi 1955, alikuwa hospitali amejifungua mtoto wa kiume siku moja kabla. Kamera ziliwekwa tayari chumbani mwake ili ashukuru akishinda. Akashinda Grace Kelly. Sisemi mkasi ndio uliomnyima. Hakuna awezaye kuthibitisha hilo. Ninachosema ni kwamba kazi kubwa ya maisha yake ilizunguka dunia kwa karibu miaka 30 ikiwa imekatwa, na watu wakamhukumu kwa kilichobaki.

Ndipo akaja Ronald Haver, msimamizi wa filamu katika jumba la makumbusho ya sanaa la Los Angeles. Alizama kwenye maghala akapekua. Akaipata sauti ya filamu nzima. Akazipata nyimbo zilizotupwa na vipande vingine. Kwa mazungumzo ambayo picha zake hazikupatikana, alifanya jambo moja la kiungwana: aliacha sauti halisi za waigizaji zisikike, na juu yake akaweka picha za mnato zilizopigwa wakati filamu ikitengenezwa. Toleo hilo la dakika 176 lilionyeshwa Radio City Music Hall, New York, Julai 1983. Cukor alikuwa amefariki Januari mwaka huo huo. Ndilo lililotoka kwenye DVD mwaka 2000, na kwenye Blu-ray mwaka 2010.

Niliwahi kumwazima rafiki yangu DVD hiyo. Kesho yake akairudisha: "Kaka, diski yako inakwama, watu wanaongea picha haitembei." Alidhani ni ile michezo ya DVD za kuchoma tulizozoea. Nilicheka, lakini huyo angalau hakujua. Ninaogombana nao ni wale wanaojua na bado wanalalamika kwamba picha hizo "zinakata mtiririko".

Zinakata, ndiyo. Zinakata pale pale palipokatwa! Mlitaka kovu lisionekane ili iweje? Ili tuamini hakuna aliyechomwa kisu?

Wengine wana dawa mpya: akili mnemba itengeneze picha zinazokosekana, tumalize kazi. Hawa siwapuuzi, kwa sababu mlango umeshafunguliwa. Agosti 2025, ukumbi wa Sphere wa Las Vegas ulianza kuonyesha The Wizard of Oz ya 1939, ya Garland huyo huyo. Filamu ya dakika 102 imepunguzwa hadi kama 75, na akili mnemba imetumika kutanua picha na kuchora vitu ambavyo kamera ya 1939 haikuvinasa. Kama ni onyesho la kulipia, sawa, wenye pesa zao waende wakashangae. Lakini msiniambie huko ni kukarabati. Kwetu tuna neno zuri tu: kuchakachua.

Mimi ni ripota. Habari zangu zimeshakatwa mara nyingi kupisha tangazo lililoingia usiku, na najua inavyokuwa unaposoma asubuhi ukakuta aya iliyobeba sababu ndiyo haipo. Lakini kazi hii imenifundisha pia kitu kinaitwa nukta tatu. Nikiondoa maneno katikati ya kauli ya mtu, naweka nukta tatu, msomaji ajue hapo kuna kitu hakipo. Nikijaza hapo maneno yangu mwenyewe, hata yawe matamu vipi, hata yafanane naye vipi, nimesema uongo na ninastahili kufukuzwa kazi.

Picha za Haver ndizo nukta tatu zake. Sauti ni ya Garland kweli, picha ni ya Garland kweli. Kinachokosekana ni mwendo wake, na mwendo huo hakuna aliye nao. Mashine ikimchezesha itatuonyesha uso ambao hakuwahi kuukunja na macho ambayo hakuwahi kuyainua, kisha itatuambia ndiye yeye. Alifariki mwaka 1969. Hawezi kukanusha.

Basi ukiitafuta filamu hii, geuza kasha usome dakika. Ukikuta 154, rudisha. Ukikuta 176, chukua, kaa nayo usiku mmoja, na picha zikisimama usishike rimoti. Sikiliza.

Na kama siku moja utepe halisi utaibuka kwenye ghala fulani, nitakuwa wa kwanza kushangilia picha hizo zikitolewa ili wenyewe urudi mahali pake. Mpaka hapo, mapengo yaachwe wazi.

Naomba kuwasilisha.