UCHAMBUZI: Wanajeshi hutangulia, idhini ya Bunge hufuata

Juni 25, 2024, siku ambayo waandamanaji walivamia majengo ya Bunge jijini Nairobi na sehemu yake kuteketezwa, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Bw Aden Duale, alitoa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali la kuwatuma wanajeshi kuwasaidia polisi.

Tangazo lilikuwa fupi mno. Lilieleza kuwa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya (KDF) yametumwa kukabili dharura ya kiusalama iliyoletwa na maandamano yenye ghasia katika sehemu mbalimbali za nchi pamoja na uharibifu wa miundomsingi muhimu. Halikutaja kaunti, halikutaja idadi ya wanajeshi, wala halikusema watarejea kambini lini.

Siku iliyofuata Bunge la Taifa liliketi na kuidhinisha hatua hiyo, licha ya pingamizi za upinzani. Jioni hiyo hiyo macho ya nchi yaligeukia Ikulu, ambako Rais William Ruto alitangaza kuwa hatatia saini Mswada wa Fedha uliozua maandamano. Habari ya wanajeshi ikafunikwa na habari ya mswada.

Hata hivyo, suala lililofunikwa siku hiyo ndilo litakalorejea. Si suala la iwapo wanajeshi walihitajika. Juu ya hilo watu wenye nia njema wanaweza kutofautiana. Ni suala la nani huamua kwamba wanahitajika, na anayeamua huulizwa maswali gani kabla ya kupewa ruhusa.

Kifungu cha 241(3) cha Katiba ya 2010 kinaipa KDF kazi tatu. Ya kwanza ni kulinda uhuru na mipaka ya nchi. Ya pili, iliyo katika aya ya (b), ni kushirikiana na mamlaka nyingine na kuzisaidia wakati wa dharura au maafa, na kutoa ripoti kwa Bunge la Taifa kila wanajeshi wanapotumwa kwa kazi hiyo. Ya tatu, iliyo katika aya ya (c), ni kurejesha amani katika sehemu yoyote ya Kenya iliyokumbwa na machafuko au ukosefu wa uthabiti. Hiyo ya tatu inaruhusiwa tu kwa idhini ya Bunge la Taifa.

Herufi hizo mbili, (b) na (c), zimetenganishwa na jambo kubwa. Chini ya (b), wanajeshi hutumwa na Bunge huarifiwa. Chini ya (c), Bunge huombwa na likikataa, wanajeshi hubaki kambini.

Serikali ilichagua (b). Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, ambapo wanajeshi walisaidia kuwaokoa watu waliozingirwa na maji, yalikuwa dharura ya aina ambayo aya hiyo inaieleza bila utata. Lakini vijana waliojaa barabarani kupinga kodi, hata baadhi yao walipovunja sheria, wanafanana zaidi na 'machafuko' ya aya ya (c) kuliko 'maafa' ya aya ya (b). Anayesoma aya hizo mbili bila haraka hawezi kukosa kuona kwamba njia iliyochaguliwa ndiyo ambayo haikuhitaji ruhusa ya awali.

Kwa upande wake, Serikali haikukosa hoja. Bunge ambalo lingeombwa idhini ndilo lililokuwa likishambuliwa, na wabunge walikuwa wakitolewa humo kupitia njia ya chini kwa chini. Hakuna Katiba inayoweza kudai kikao cha kupiga kura katika saa kama hiyo.

Hoja hiyo inaeleza kwa nini idhini ilichelewa kwa siku moja. Haielezi kwa nini ilipokuja ilikuja bila mipaka. Wabunge walioketi Juni 26 walikuwa na nafasi ya kuuliza wanajeshi wanakwenda wapi, kufanya nini na hadi lini, na kuandika majibu hayo ndani ya azimio lao.

Maswali hayo yaliulizwa mahakamani. Chama cha Mawakili Nchini (LSK) kilipowasilisha kesi, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikataa kuwaondoa wanajeshi, akikubali kwamba kulikuwa na haja ya kulinda miundomsingi muhimu. Lakini aliiagiza Serikali kufafanua katika Gazeti Rasmi, ndani ya siku mbili, upeo wa kazi yao na muda wake. Alionya kuwa kuwatuma wanajeshi kiholela bila kuweka mipaka ni mwenendo wa hatari unaoweza kuiingiza nchi katika utawala wa kijeshi.

Jaji, kwa maneno mengine, alifanya kazi ya mbunge.

Afrika Kusini ilipitia jambo linalokaribiana na hilo mwaka wa 2021. Ghasia na uporaji vilipozuka KwaZulu-Natal na Gauteng mwezi Julai baada ya Rais wa zamani Jacob Zuma kufungwa, watu zaidi ya 300 walifariki na Rais Cyril Ramaphosa akaagiza jeshi kuingia mitaani. Wanajeshi huko pia walitangulia. Lakini barua aliyoliandikia Bunge ilitaja idadi ya juu ya wanajeshi kuwa 25,000, ikataja muda wao kuwa kuanzia Julai 12 hadi Agosti 12, na ikataja gharama ya zaidi ya randi milioni 600.

Hakufanya hivyo kwa hisani. Kifungu cha 201 cha Katiba ya nchi hiyo kinamlazimu Rais kuliarifu Bunge upesi, kwa kina kinachofaa, kuhusu sababu za kulitumia jeshi, mahali, idadi ya wanaohusika na muda. Bunge lisipoketi katika siku saba za kwanza, taarifa hizo hupelekwa kwa kamati yake inayohusika. Katiba ya Kenya inadai 'ripoti' lakini haisemi ripoti hiyo iwe na nini ndani yake. Katika pengo hilo ndimo lilimopita tangazo la Juni 25.

Isidhaniwe kuwa haya yalianza na maandamano ya vijana. Kwa wanajeshi wanaotumwa nje ya nchi, Kifungu cha 240(8) kinasema Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kuwatuma kwa idhini ya Bunge. Mwaka wa 2022, Rais Ruto aliwakabidhi bendera wanajeshi waliokuwa wakielekea mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mnamo Novemba 2. Bunge liliidhinisha safari hiyo Novemba 9. Wanajeshi wa kwanza wakatua Goma siku chache baadaye.

Kisheria, idhini ilipatikana kabla ya ndege kuondoka. Kisiasa, mbunge gani angesimama kukataa safari ambayo Amiri Jeshi Mkuu ameshaipa bendera mbele ya kamera? Ripoti ya Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mashauri ya Kigeni, inayoongozwa na Mbunge wa Belgut, Bw Nelson Koech, ilitaja wanajeshi zaidi ya 900 na gharama ya takriban Sh4.4 bilioni kwa miezi sita ya kwanza. Takwimu hizo zilikuwa hatua ya mbele. Kikosi kiliondoka Desemba 2023 baada ya Serikali ya Congo kukataa kurefusha muda wa jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Januari 2025 waasi wa M23 wakaiteka Goma. Wakenya wengi wanakumbuka siku ya bendera; ni wachache wanaoweza kueleza mabilioni hayo yalinunua nini.

Somalia ndiyo mfano mkubwa zaidi. Wanajeshi walivuka mpaka Oktoba 16, 2011 katika Operesheni Linda Nchi, siku moja baada ya mawaziri wawili, marehemu George Saitoti na marehemu Yusuf Haji, kutangaza kwamba Kenya itawafuata Al Shabaab hadi kwao. Katiba mpya ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei. Bunge lilikuja kuidhinisha kujiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, Desemba mwaka huo, vita vikiwa vimeshakolea.

Miaka minne baadaye, Januari 15, 2016, kambi ya KDF huko El Adde ilivamiwa. Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia alisema wanajeshi wa Kenya waliouawa walikaribia 200. Jeshi lilikanusha, lakini Serikali haikutangaza idadi kamili. Familia zilipokea majeneza huku taifa likikosa hesabu. Usiri wa namna hiyo hauwezi kuelezwa kuwa ni wa kumnyima adui habari, kwa maana adui ndiye aliyekuwa uwanjani na aliiona kambi ilivyobaki.

Vipengele vya 2010 vilikuja baada ya historia inayojulikana. Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, operesheni ya vikosi vya usalama iliishia kwa mauaji ambayo idadi ya waathiriwa wake inabishaniwa hadi leo. Machi 2008, jeshi lilipelekwa Mlima Elgon katika Operesheni Okoa Maisha kupambana na wapiganaji wa SLDF, na mashirika ya haki za binadamu yakawashutumu wanajeshi kwa kuwatesa na kuwapoteza raia, madai ambayo jeshi liliyakana. Wakati huo Bunge halikuwa na kipengele cha kushika mkononi. Sasa linacho.

Ila kuwa na kipengele si sawa na kukitumia. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013 lililoua watu 67, kamati mbili za Bunge zilifanya uchunguzi wa pamoja. Ripoti ilipofikishwa kikaoni Machi 2014, wabunge waliikataa, wengi wakisema haikuwa na uzito. Huenda walikuwa na haki kuikataa. Lakini raia waliotaka kujua wanajeshi walifanya nini ndani ya jengo hilo, kando na wawili waliofukuzwa na kufungwa kwa wizi, walibaki pale pale walipokuwa.

Kuhusu fedha, neno 'usalama' limekuwa pazia la miaka mingi. Sakata ya Anglo Leasing, yenye mikataba 18, ilistawi kwa sababu mikataba hiyo ilikuwa ya usalama na haikupaswa kuulizwa. Mwaka wa 2017 Wakenya waligundua bei ya ndege 12 za kivita za aina ya Air Tractor ambazo Serikali yao ilitaka kununua, dola milioni 418 kwa makadirio, kwa sababu sheria ya Marekani ilidai Bunge la huko lijulishwe. Mbunge wa North Carolina, Ted Budd, ndiye aliyetaka uchunguzi, akitetea kampuni ya jimbo lake iliyoachwa nje. Mlipa kodi wa Kenya alifaidika na ugomvi wa wafanyabiashara wa kigeni.

Yapo yanayotia moyo. Kamati ya Bw Koech ilitumia zaidi ya miaka miwili kuchunguza mienendo ya kikosi cha mafunzo cha jeshi la Uingereza, BATUK, chenye kambi Nanyuki. Ilisikiliza wakazi wa Laikipia na Samburu, na mwishoni mwa 2025 ikatoa ripoti yenye lugha kali kuhusu dhuluma na uharibifu wa mazingira. Ililalamika kuwa kikosi hicho hakikufika mbele yake kutoa ushahidi. Kamati iliyoweza kuwaandama wanajeshi wa taifa kubwa kwa muda huo wote haiwezi kusema haina uwezo wa kuwauliza wa kwake.

Bila shaka zipo siri halali. Hakuna anayetaka ramani ya kambi isomwe bungeni, na kamati ina uwezo wa kuketi faraghani inapobidi. Kinachotakiwa ni kidogo kuliko hicho: sababu, mahali, idadi, muda na gharama, vikiandikwa katika tangazo lenyewe, na ripoti ya pili wanajeshi wanaporudi. Kwa operesheni ya Februari 2023 dhidi ya wezi wa mifugo, kaunti sita za Kaskazini mwa Bonde la Ufa zilitajwa kwa majina. Kwa hiyo Serikali inajua jinsi ya kuandika tangazo lenye mipaka inapotaka.

Kuongeza masharti hayo hakuhitaji kura ya maamuzi. Marekebisho ya Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya 2012 yanatosha, na mbunge yeyote anaweza kuwasilisha mswada huo. Bunge la 13 lina hadi Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2027 kufanya hivyo, kabla ya msimu ambao matangazo ya aina ya Juni 25 huwa yana uwezekano mkubwa wa kuchapishwa.