Tumemsahau Wanyama, na hapo ndipo shida iko

Wasee, leo niko na kesi ya mpira. Naomba mnisikize hadi mwisho kabla ya kunirushia mawe huko chini.

Anko wangu ana video moja anayonitumia kwa WhatsApp kila akisikia mambo yangu yamekwama. Mnaijua hiyo video. Anfield, tarehe 7 Mei 2019. Trent Alexander-Arnold anajifanya anaondoka kwa kona, anageuka ghafla, anapiga, na Divock Origi anafunga bao la nne huku mabeki wa Barcelona wakiwa bado hawajajipanga. Chini yake anko anaandika yaleyale: "Wakati wako utafika. Muone Origi."

Alianza kunitumia nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda nyumbani. Mara ya kwanza nilishukuru, si uongo. Mara ya tano nikaanza kuwa na maswali. Juu ule msimu wa UEFA wa 2018/19 mimi niliuona, nikiwa bado sekondari, kwa ukumbi wa video pale mtaani, tumebanana kwa mabenchi ya mbao hadi usiku wa manane. Na hadithi niliyoiona mimi ilikuwa na Wakenya wawili ndani yake. Sijui ni nani alikata mmoja akabakisha mwingine.

Tuanze na Origi. Sawa, yeye amezaliwa Ubelgiji na alichezea Ubelgiji, lakini babake ni Mike Okoth, aliyekuwa straika wa Harambee Stars. Hapa mtaani tulishamchukua awe wetu, hakuna aliyemuuliza kitambulisho. Msimu huo Origi hakuwa mtu wa maana pale Liverpool. Msimu uliotangulia walikuwa wamempeleka Wolfsburg kwa mkopo. Aliporudi alikaa miezi karibu bila kuguswa, hadi Desemba 2018 alipoingia dhidi ya Everton akafunga dakika ya 96.

Sasa ikaja Barcelona. Liverpool wamepigwa 3-0 kule Camp Nou, na kwa marudiano Salah na Firmino wote wameumia. Salah alikaa jukwaani na fulana nyeusi yenye maandishi ya kutokata tamaa. Hapo ndipo Klopp akampanga Origi. Akafunga la kwanza dakika ya 7, Wijnaldum akatoka benchi akafunga mawili, halafu ile kona dakika ya 79. 4-0. Ukumbini watu walikumbatiana na watu wasiowajua, na msee wa Manchester United aliyekuwa amekuja kucheka alitoka kimya kama ametoka matanga.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Victor Wanyama, mtoto wa Nairobi, nahodha wa Harambee Stars. Huyu ndiye Mkenya wa kwanza kufunga bao UEFA: Novemba 2012, akiwa Celtic, dhidi ya hiyohiyo Barcelona. Kisha akaenda Southampton, kisha Tottenham, kisha goti likamtesa. Kufikia nusu fainali dhidi ya Ajax alikuwa amerudi uwanjani, na alianza mechi zote mbili. Tottenham walishindwa 1-0 kwao. Kule Amsterdam, kufikia mapumziko, Ajax walikuwa wameongeza mawili, na jumla ikawa 3-0.

Na hapo Pochettino akamtoa Wanyama, akamuingiza Fernando Llorente, straika mrefu wa kusukumana na mabeki. Mnajua kilichofuata. Lucas Moura dakika ya 55, Lucas Moura dakika ya 59, Lucas Moura sekunde za mwisho kabisa, dakika ya 96. Tottenham fainali kwa bao la ugenini. Nilipiga kelele hadi mathe akanisikia kutoka nyumbani. Lakini nikiwa njiani kurudi nilimfikiria Wanyama. Hebu jiweke mahali pake: timu yako imefanya maajabu makubwa katika historia yake, na maajabu yenyewe yameanza wewe ukitolewa. Unafurahi, lazima ufurahi. Lakini unafurahi aje?

Fainali ilipigwa Madrid Juni 1, Siku ya Madaraka. Sisi huku tumetoka kusikiza hotuba mchana, usiku tunasubiri Mkenya aguse mpira. Kane alikuwa hajacheza tangu robo fainali kwa sababu ya jeraha, lakini alianza. Harry Winks naye alikuwa ametoka kuumia, akaanza katikati. Moura, yule wa mabao matatu, akaanzia benchi. Wanyama pia benchi. Salah akafunga penalti dakika ya 2. Origi akaingia badala ya Firmino, na dakika ya 87 akamaliza kazi kwa mguu wa kushoto. Tottenham walibadilisha wachezaji watatu, na jina la Wanyama halikuitwa.

Basi niambieni. Wanyama alikosa bidii? Mtu aliyetoka Nairobi hadi fainali ya UEFA, aliyerudi kutoka jeraha la goti, aliyeanza nusu fainali zote mbili, huyo hakuwa tayari? Msimu mmoja tu nyuma, Februari 2018, alikuwa ametoka benchi palepale Anfield akapiga kombora la mbali lililotikisa nyavu za Liverpool wenyewe. Na Moura alikosa nini? Alifunga mabao matatu nusu fainali na bado akaambiwa akae.

Hii ndiyo kesi yangu. Tunapomwambia kijana "wakati wako utafika, muone Origi", tunamficha nusu ya ukweli. Origi alicheza dhidi ya Barcelona kwa sababu wawili waliokuwa mbele yake waliumia. Hiyo haikuwa bidii yake. Bidii yake ilikuwa kitu kingine: mpira ulipokuja kutoka kwa ile kona, mabeki wa Barcelona walikuwa wamelala na yeye alikuwa macho. Nampa heshima zote kwa hilo. Lakini kuwa macho ni kazi yako, kuitwa si kazi yako. Ukichanganya hizo mbili, unaanza kumwangalia kila aliyebaki benchi kana kwamba ni mvivu.

Na benchi la hii nchi limejaa, wasee. Kuna mabeshte zangu wana digrii na wanaendesha bodaboda. Kuna mmoja alipata kazi wiki moja baada ya kufuzu kwa sababu kuna mtu anamjua mtu. Simwonei wivu, amefanya kazi yake vizuri. Lakini akianza kutuambia siri ni kuamka saa kumi na moja asubuhi, hapo naomba tuheshimiane. Wauza mboga wote wa Marikiti huamka mapema kumliko.

Najua kuna atakayesema natetea uvivu. Hapana. Mimi mwenyewe narekodi video kila siku kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na nitaendelea, juu kona inaweza kupigwa wakati wowote. Ninachokataa ni kuhukumiwa kwamba kona haijapigwa. Kama wewe ni mzazi ama anko, unaweza kumtia mtu moyo bila kumwekea deni. Muulize siku yake imekuwaje. Ukiweza, mlipie bando.

Wiki mbili tatu baada ya Madrid, Wanyama alivaa kitambaa cha unahodha akaiongoza Kenya kwenye AFCON kule Misri, mara yetu ya kwanza tangu 2004. Tukamchapa Tanzania 3-2. Hakuna anko anayetuma hiyo video.

Juzi anko alinitumia tena ile kona. Safari hii nilimjibu: "Asante anko. Na Wanyama je?" Amesoma. Tiki ni mbili za buluu. Bado nangoja jibu.

Wewe ungekuwa anko, ungemjibu nini? Niachie jibu hapa chini.