SINEMA YA CHINA CHUONI: TULETEENI NA ILE ILIYOFUNGIWA

Kijana wa Sumbawanga uliyeko chuoni, leo tunasema na wewe. Tangu 2013 vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vina Taasisi ya Confucius ya kufundisha Kichina na utamaduni wake. Siku ukiona tangazo la sinema ya kihistoria ya China, nenda. Farasi, mapanga, wafalme, hata sisi tunavipenda. Tumekulia kwenye vibanda vya video. Lakini kabla taa hazijazimwa, nyoosha mkono uulize: ile ya Zhang Yimou ya 1994, To Live, mtaileta lini?

Kwa nini hiyo? Kwa sababu ilipata Tuzo Kuu ya Majaji kule Cannes, na nyumbani kwao ikapigwa marufuku. Kosa lake ni kusimulia maisha ya mlalahoi mmoja, Fugui. Mwaka 1958 wakubwa wanakusanya masufuria ya kila nyumba yakayeyushwe kuwa chuma cha taifa. Watu wanakula jiko moja la umma. Yanakuja Mapinduzi ya Utamaduni, madaktari wanaswekwa ndani, hospitali inashikwa na wanafunzi. Binti yake Fugui anajifungua, damu haikomi, na wale wanafunzi hawajui la kufanya. Anakufa. Wanafunzi, kijana! Rika lako.

Sasa njoo Ufipa. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, bila kungoja amri ya kigogo yeyote. Amri ilikuja baadaye, ya namna nyingine. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na kazi iishe ifikapo 1976. Nchi nzima mamilioni walihamishwa, wengine nyumba zikichomwa nyuma yao. Mkoa wa Rukwa wenyewe ulizaliwa 1974, katikati ya pilikapilika hizo. Kisha tukafundishwa kupaaza sauti: "Zidumu fikra sahihi za Mwenyekiti!" Fugui angeielewa bila mkalimani.

Sinema ya mambo hayo iko wapi? Usiwacheke Wachina. Sheria yetu ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 nayo inataka kibali na ukaguzi. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliishambulia hadharani filamu ya Hubert Sauper kuhusu sangara wa Mwanza, wakati wananchi wengi hawajaiona hata dakika moja.

Wala msituambie lugha ni tatizo. Mwaka 2011 TBC ilituonyesha Mao Doudou akigombana na mama mkwe kwa Kiswahili safi. Basi na Fugui asemeshwe Kiswahili.

Na wewe, likizo hii ukishuka stendi, pitiliza hadi Laela, Matai au Namanyere kwa babu. Muulize mwaka 1974 alikuwa akiishi wapi, alihama kwa hiari au kwa amri, na alibeba nini. Simu yako ina kamera.